Shali ya Mtu wa Sialkot

Haltom City,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mama Clara,

Huku hatujambo, ukitoa mgongo wangu na jiko. Mgongo ni wa umri. Jiko lina hadithi yake, lakini maagizo ya maharage uliniachia kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa, kwa hiyo lawama tugawane mimi na sufuria.

Nimekaa kuandika kama Padre Placide alivyotuamuru. Nilimweleza baada ya misa kwamba simu zetu siku hizi zinaishia kwa kelele, kila mmoja anakata kabla ya mwenzake ili asikatiwe. Akanishika bega, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Bukavu, "Papa Humphrey, simu ni ya bili na ya mtoto. Mambo ya roho, muandikiane, voilà. Karatasi haikukate maneno." Nikamwambia hakujui, wewe ungemkatiza hata malaika Gabrieli. Alicheka, kisha akanipa stempu.

Basi ndiyo hivyo. Mzee wa miaka hamsini na miwili nimeinamia meza ya jikoni namwandikia mke wangu kama kijana wa sekondari, na mwanao anapita nyuma yangu na kusema, "Dad, that's so weird," halafu anaondoka na chipsi zangu.

Kazini ni vigae. Nikiamka vigae, nikilala nasikia kile king'ora cha foklifti linaporudi nyuma. Timu yetu ya maveterani ilicheza jana na Wakongo wa Vickery Meadow. Matokeo sitakuandikia. Golini nilikuwa mimi.

Naona vema niweke jambo moja kwenye maandishi. Mkataba wako wa Houston ni wa miezi sita, unaisha Juni, kisha unarudi nyumbani. Ndivyo tulivyokubaliana, Clara akiwa shahidi. Sina wasiwasi. Naandika tu ili mkono upate mazoezi.

Halafu jingine, dogo. Kwenye simu ya Jumatano ulimtaja bwana mmoja wa kazini kwako, Iftikhar, kisha ukacheka peke yako. Mimi nilikuwa nauliza habari za bima ya gari. Sikuona kilichochekesha. Ni nani huyo?

Wako,
Baba Clara


Houston,
19 Februari 2025

Baba Clara,

Barua imefika na doa la maharage kwenye kona, kwa hiyo najua hukutumia karani. Loice, yule nesi wa Kenya ninayekaa naye hapa Alief, aliitazama bahasha akasema, "Haki, mzee wako anaandika kama daktari." Nikamwambia asikupandishe cheo.

Umeuliza Iftikhar ni nani. Ni mwenzangu wa zamu. Unajua kazi yetu iko chini kabisa, ghorofa ambayo hata lifti inaisahau. Vifaa vya upasuaji vinashuka vimechafuka. Tunaviosha, tunavikagua kimoja kimoja, tunavipanga kwenye trei, tunavitia kwenye mtambo wa mvuke, vinapanda tena juu. Mgonjwa hatumwoni. Daktari hatumwoni. Lakini koleo likikwama juu huko, sisi ndio tunaoitwa.

Wiki zangu za mwanzo niliinua mkasi kwenye taa kuukagua, nikaona umechorwa neno dogo: Pakistan. Mtu wa upande wa pili wa meza akasema, bila kuinua kichwa, "Huo ni wa kwetu." Nikachukua koleo. "Na hilo." Nikachukua kibanio. "Na hicho." Nikadhani ananitania, nikavigeuza. Vyote.

Anatoka mji unaitwa Sialkot, huko Punjab. Humphrey, ungemsikia anavyousimulia. Mji uko tambarare, karibu na mpaka, lakini siku za baridi hewa ikisafika unaona milima yenye theluji kwa mbali. Kuna ngome ya kale juu ya kilima, na upande wa kambi ya zamani ya jeshi kuna mnara wa saa ambao kila mtu anaahidiana na mwenzake kukutana hapo, halafu wote wanachelewa. Vichochoro vimejaa karakana. Nyumba hii wanakata chuma, ya pili wanakifua, ya tatu wanakipiga tupa, ya nne wanakisugua mpaka unajiona uso. Mkasi unapita mikono ya mtaa mzima kabla haujaitwa mkasi. Asubuhi, anasema, huamshwi na jogoo, unaamshwa na tupa.

Na si mikasi tu. Glavu za ngozi, magongo ya mchezo, hata zile zumari za mfuko wanazopuliza Waskoti waliovaa sketi, kumbe nyingi zinatengenezwa huko. Wafanyabiashara wa mji walichoka kusafirisha bidhaa mbali kutafuta ndege, wakachangishana wakajenga uwanja wao wa ndege. Wao wenyewe. Hebu fikiria kamati ile.

Siku hizi nikishika mkasi nahisi una watu ndani.

Mwambie Clara avae koti. Kuhusu Juni, tuombe uzima.

Pelagia


Haltom City,
Jumapili, 2 Machi 2025

Mama Clara,

Nimeipata barua. Nimeisoma mara ya pili nikitafuta mahali nilipotajwa, nikajikuta kwenye doa la maharage.

Naomba na mimi niseme neno kuhusu miji ya viwanda, maana nimezaliwa katika mmoja. Morogoro, labda umewahi kuusikia, uliolewa huko. Tulikuwa na viwanda vya ngozi, vya viatu, vya magunia, vya tumbaku. Mimi mwenyewe nilikuwa natoboa matundu ya kamba za viatu. Watu wamepita mjini wametembea na matundu yangu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kusema ahsante. Unasema Sialkot wanaona milima siku hewa ikisafika. Uluguru haisubiri hewa isafike, mama. Iko pale, imekuegemea begani mwaka mzima. Tumeoana miaka ishirini na miwili na sijakusikia hata siku moja ukimwambia mtu kwamba ukishika kiatu unahisi kina watu ndani.

Ni kweli kiwanda chetu kilifungwa. Lakini huyo bwana naye, kama mji wake ni pepo, mbona yuko Houston anaosha makoleo?

Sioni wivu. Clara ndiye anayesema naona wivu, na Clara hajui kufua soksi zake, sembuse mambo ya watu wazima. Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu tu: ana mke? Ana umri gani? Ana nywele? Swali la nywele siyo la lazima.

Halafu hiyo "tuombe uzima". Nimeishi na Mhaya muda wa kutosha kujua kwamba akianza kuomba uzima kuna jambo limejificha nyuma ya mlango. Juni ni Juni. Uzima tunao.

Wakongo tumewafunga. Mpira uligonga mwamba, ukanigonga kichwani, ukatoka nje, nikaambiwa nimeokoa.

Wako anayechungulia nyuma ya mlango,
Humphrey


Houston,
2 Aprili 2025

Baba Clara,

Umri ni kama wako. Nywele anazo. Ni mgane, mkewe alifariki zamani, anaishi Sugar Land na mama yake mzazi. Umeridhika?

Ugeuze huo mpira wenu uone umetoka wapi. Iftikhar anasema vijiji vya kuzunguka Sialkot vimeshona mipira ya dunia nzima. Shangazi zake walikuwa wanashona nyumbani baada ya kazi za shamba, kipande kwa kipande, sindano mbili, wamebana kazi kwa magoti. Mpira ukiisha wanaudundisha sakafuni na kuutegea sikio. Nilimwambia mume wangu ni mlinda mlango. Akauliza ni mzuri? Nikasema anapendwa.

Sasa nikupe habari. Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Idi, akatualika zamu nzima nyumbani. Nilipeleka maandazi. Mama yake hajui Kiingereza, mimi sijui Kipunjabi, tukashikana mikono tu kwenye kochi, yeye anaongea na mimi naitikia, na sidhani tulipishana hata mara moja. Nyumba nzima ilikuwa inanukia wali.

Baada ya kula Iftikhar alikwenda ndani, akarudi na shali ya sufu rangi ya maziwa, imetariziwa pembeni kwa uzi wa zambarau. Akaja mbele yangu, akanifunika kichwani, pale pale, mbele ya mama yake na watu wote. Mama yake akanibusu kwenye paji la uso, machozi yanamtoka. Na mimi nikalia, Humphrey. Watu wa zamu wanatazama sambusa zao. Sijafunikwa hivyo na mtu tangu nitoke Bukoba.

Nimeitundika nyuma ya mlango, naiona nikilala.

Pelagia


Haltom City,
6 Aprili 2025

Pelagia,

Hii nimeisoma nimesimama, na ninajibu nimesimama, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Ngoja nione kama nimeelewa. Mwanamume mgane, mwenye nywele, amemvika mke wangu shali. Kwetu mwanamume akimpa mke wa mtu kanga, hata iwe moja ya kupangusia meza, majirani wanaingiza watoto ndani. Hilo nilikuwa tayari nimeshaanza kulimeza. Kisha nikafika kwenye mama.

Mbele ya mama yake! Unafikiri hilo linapunguza? Wewe umetoka wapi? Mwanamume anayekupeleka kwa mama yake ameshamaliza kufikiri. Mimi nilikupeleka kwa mama yangu kule Kilakala, Morogoro, akakushika mikono kwenye kochi, akaongea Kiluguru na wewe ukawa unaitikia tu hujui unachoitikia. Akakubusu. Akalia. Unakumbuka kilichofuata? Harusi ndiyo iliyofuata.

Na umeitundika unaiona ukilala.

Irudishe hiyo shali. Mwambie umeolewa na mtu anayeweza kukununulia ya kwako. Na Pasaka uje nyumbani.

Humphrey


Houston,
12 Aprili 2025

Humphrey,

Shali sirudishi. Pasaka niko zamu.

Ungeniuliza, "Mama Clara, kwa hao watu jambo hili maana yake nini?" ningekujibu. Hukuuliza. Uliamuru.

Pelagia

Loice anasema nikusalimie. Mimi sijasema.


Haltom City,
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mama Clara,

Pasaka imepita. Tulikula kuku wa dukani, mimi na binti yako, tukatazamana. Akaniuliza kama tunaachana. Nikasema hapana, mama yako ana zamu. Akasema, "Okay," ile okay yao ambayo ndani yake kuna mambo mengi, akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kwa hiyo jana nilifanya la kufanya. Niliendesha gari mpaka Irving, kwenye lile duka la Wapunjabi karibu na mahali tulipokuwa tukinunua mchele, kwa nia moja: kukununulia shali kubwa kuliko ya Iftikhar. Nilitaka shali ambayo ukiivaa, ile nyingine ionekane leso.

Mwenye duka ni mama mtu mzima, miwani imeshuka puani. Akanishushia za kila rangi. Nikawa nazipima kwa mikono kama fundi wa mapazia. Akaniuliza, "Ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Anapenda rangi gani?"

"Yoyote, ila iwe kubwa kuliko aliyopewa na mwanamume mwingine."

Akavua miwani. Unajua nikianza kuongea sijui breki iko wapi. Nikamweleza yote, meza, makoleo, Sialkot, Idi. Alisikiliza kama Padre, ila Padre huwa halambi kijiko cha chai.

"Alimpa mkononi, au alimfunika kichwa?"

"Alimfunika."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mama yake," nikasema, na hapo sauti iliniangusha kidogo.

"Hongera."

"Kwa lipi?"

"Umepata shemeji. Kwetu mwanamume akimfunika mwanamke kichwa namna hiyo, mbele ya mama yake na watu, amemtangaza dada. Hawezi kumtazama vingine tena, ataona aibu mbele ya Mungu. Na wewe ukimliza huyo mwanamke, yeye ndiye atakayekuja kukuuliza." Kisha akanitazama juu mpaka chini. "Umemliza?"

Nikasema tuangalie ile ya kijani.

Alikataa kuniuzia, Mama Clara. Alikunja zote akazirudisha juu. "Ukimpa kubwa kuliko ya kaka yake, unashindana na nani?" Akaniuzia bizari. Nimerudi Haltom City na pakiti ya bizari na aibu ya kutosha familia mbili.

Basi nimekosa. Nimekosa nikiwa nimesimama na nimekosa nikiwa nimekaa. Mwambie shemeji ahsante kwa shali, na umpe pole kwa kupata mtu kama mimi. Mpira nimeugeuza. Umeandikwa kwao. Miaka yote hii natolewa jasho na kazi ya mikono ya shangazi zake.

Mji wa watu tumeumaliza salama, turudi kwenye letu. Elibariki, yule beki wetu mwenye pikapu, amekubali kuniazima. Jumamosi ya mwisho ya Juni nitakuwa mlangoni kwako Alief asubuhi kuja kukuchukua. Weka vitu kwenye maboksi. Mgongo wangu unaujua.

Wako tena, kama nimeruhusiwa,
Baba Clara


Houston,
11 Mei 2025

Baba Clara,

Bizari imenichekesha mpaka Loice akatoka chumbani kuuliza kama ni msiba.

Maana ya shali nilikuwa naijua. Iftikhar alinieleza siku ile ile, na ndiyo maana nililia. Nilikunyima makusudi. Ulipoandika "irudishe" nikasema, acha aungue kidogo.

Lakini usije na pikapu.

Nimeianza barua hii mara nyingi, na leo asubuhi Clara amenipigia kunitakia heri ya siku ya akina mama, akaongea nami kwa upole kama anaongea na mgonjwa. Kwa hiyo nasema. Nimetia saini kazi ya kudumu hapa. Nilitia Februari, siku chache kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Mkuu wa idara aliniita, akasema anataka niongoze zamu. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Nilipofika kwenye gari ndipo nilipokumbuka nina mume.

Nilidhani nitakueleza jioni ile. Kisha kesho yake. Nikishika kalamu, mkono unaandika Sialkot. Mji wa mtu mwingine ni rahisi kuuandika, hauulizi utarudi lini. Mnara wa saa, milima, mikasi, najaza karatasi, nafunga bahasha, najiona nimewasiliana na mume wangu. Halafu ukaanza kuona wivu, na hili ndilo ninaloona aibu kulisema: wivu wako ulinifaa. Kwa kuwa ulikuwa umemtolea macho Iftikhar, mimi hukuniona.

Haltom City nilikuwa mama Clara, mke wa Humphrey, katibu wa jumuiya, mtu wa kuulizwa chumvi iko wapi. Sikatai, nilikuwa na raha zangu. Lakini hapa koleo likikwama watu wanaita Pelagia. Najua kwa kidole mkasi ambao haukati vizuri kabla ya kuujaribu. Mimi, niliyeambiwa na wewe kwamba siwezi kufungua kopo. Sitaki kuiacha, Humphrey. Nimejaribu kutaka, nimeshindwa.

Wewe pia sitaki kukuacha. Na usifikiri wivu ni wako peke yako. Clara anakusimulia mambo yake, najua, kwa sababu unaniambia kwenye simu ya bili kama vile nami nayajua. Mimi nikimuuliza hali ananijibu "fine". Nimekaa huku nikikuonea wivu wewe kwa kuibiwa chipsi.

Clara anamaliza shule mwisho wa mwezi. Njoo wewe huku. Njoo tuishi. Ila usije kunilinda, walinzi tunao mlangoni pale kazini, na sare wanazo.

Pelagia


Houston,
3 Juni 2025

Humphrey,

Mahafali yamepita, mtoto amevaa joho, tumshukuru Mungu. Tulikaa mstari mmoja mimi na wewe, na katikati yetu kiti chenye mkoba wangu. Nilikuwa nangoja uuondoe. Nadhani nawe ulikuwa unangoja niuondoe.

Ulimweleza kila mzazi habari za mgongo wako. Ulipiga picha mfululizo kama mtu wa gazeti, na zilizonifikia mimi simo hata moja. Nikaendesha mpaka Houston bila redio.

Mwezi uliopita nilikuomba jambo. Sitaomba tena. Nasubiri.

Pelagia


Haltom City,
Jumapili, 15 Juni 2025

Mama Clara,

Tuanze na picha. Umo. Nilizokutumia ni zile ambazo humo, kwa sababu zile ulizomo sikuweza kuzigawa.

Unakumbuka baada ya sherehe ulisimama na yule mwalimu wa biolojia wa Clara, akakuuliza unafanya kazi gani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meza ya vinywaji, nimekununia. Ukaanza kumweleza. Mikono yako ikaanza kuruka. Ulikuwa unamwonyesha hewani jinsi mkasi unavyokaguliwa, unafungua, unafunga, unainamisha kichwa kama unausikiliza, na yule mwalimu amesahau kinywaji chake. Nikapiga picha. Nikapiga nyingine. Clara akaja akasimama nami, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama mama alikuwa anaongea hivi siku zote. Nikasema ndiyo. Nilipomjibu nikajua namdanganya mtoto siku ya mahafali yake.

Hapo ndipo wivu uliponishika kikweli. Ule wa Iftikhar ulikuwa mchezo. Iftikhar nilikuwa namweza, nilikuwa na utani wa kumtosha yeye na mji wake na uwanja wao wa ndege. Lakini sasa naona wivu juu ya meza. Meza ya chuma, chini ya jengo, inayompata kila siku mwanamke ambaye mimi nilikuwa naye nyumbani miaka yote nikimuuliza chumvi. Mtu utaitania vipi meza?

Nilikaa kimya kwa hasira, sikufichi. Siyo kwa ajili ya saini. Ni kwa ile sentensi, kwamba ulipofika kwenye gari ndipo ulipokumbuka una mume. Niliisoma kazini kwenye foklifti, nikasahau uma uko juu, nikabaki nimeinua vigae hewani mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Ungeweza kuiruka. Ungeandika "nilihangaika sana moyoni" nami ningeamini, unajua ninavyoamini. Hukuiruka. Nimeizunguka wiki zote hizi na nimefikia hapa: mtu anayeniandikia vile bado ananihesabu kuwa mtu.

Sasa jibu. Mkataba wa nyumba hii unaisha Julai, sikuurefusha. Msimamizi nimemwambia, amenipa mkono, akaniuliza nani ataendesha lile foklifti bovu, nikaona hiyo ndiyo hotuba yangu ya kuagwa. Timu nimeiaga jana. Nilipotangaza kwamba golini atakaa Elibariki, walipiga makofi muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. Clara ataingia chuo Denton Agosti. Anasema hahitaji wazazi karibu, kisha ameuliza tena na tena basi la Houston linachukua saa ngapi. Nimemwambia akupigie wewe umpe jibu, na nimetoka nje ili nisisikie mtakachoongea. Mmeongea sana. Nilizunguka mtaa mpaka mbwa wa jirani akanizoea. Roho iliniuma, na ilikuwa sawa iume.

Kazi huko sina bado. Nitatafuta. Watu wa Houston nao wanakanyaga vigae.

Umesema nisije kukulinda. Ahadi hiyo siwezi kukupa, ningekuwa nakudanganya. Najijua. Siku utakayochelewa kurudi utanikuta nimesimama dirishani nimevaa viatu, nimeshaandaa maneno. Nipite tu. Nenda ukaoge, ule, kisha uje ukae unieleze ni koleo gani lilikwama na ulilifanyaje. Nitanuna kidogo nikisikiliza, lakini nitasikiliza.

Wivu nilitaka niuache huku. Nimempelekea Padre Placide, akanijibu, "Papa, mimi niko na yangu." Kwa hiyo nakuja nao. Hauli sana, ila unakoroma.

Mumeo,
Humphrey